Historia ya Mama Nukta, Aliyenyimwa Saa Moja ya Darubini

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na wewe Mkuu wa Kitengo uliyekaa safu ya pili karibu na nguzo, familia imemsimamisha hapa mdogo wake wa kiume, fundi wa magari mnayemjua kwa sauti yake, awasomee maisha ya dada yetu, na kwa kuwa shule ya fundi huyu iliishia darasa la saba, akikosea neno la kitaalamu mtamsahihisha baadaye kwenye chai, siyo sasa, maana leo hana uvumilivu.

Asubuhi hii pale getini Mkuu wa Kitengo alimvuta pembeni shemeji yetu, mume wa marehemu, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mzee mwenzangu, haya ya kazini si tungeyaacha tu, leo ni siku ya kumsitiri," na shemeji, mtu ambaye hata mbu humfukuza kwa adabu, akamjibu, "Kazi kaifanya miaka ishirini na sita, tukiiacha tusome nini, uzito aliozaliwa nao?" Basi tutasoma yote.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, katika zahanati ya reli alikofanya kazi baba yetu, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, na mama alisimulia mpaka anafariki kwamba mtoto huyu hakulia hata alipopigwa makofi ya mgongoni, alimkazia tu macho mkunga mpaka mkunga akaomba abadilishiwe zamu. Wapo wanaosema familia yetu inaongeza chumvi, lakini waliokaa naye ofisini naona wameinamisha vichwa, wanayajua macho hayo.

Alianza shule ya msingi Januari 1971, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1978, na huko alirudishwa nyumbani kwa kosa la kumwambia mwalimu wa jiografia mbele ya darasa kwamba nyota hazikubandikwa zote kwenye ukuta mmoja, na alipotakiwa kuomba radhi akasema ataomba siku mwalimu atakapomwonyesha huo ukuta, ndipo baba akaitwa, akamkunjia uso mbele ya mwalimu mkuu, kisha walipofika njiani akamnunulia soda. Alihitimu fizikia chuo kikuu mwaka 1988, akaongeza masomo ya anga mpaka 1996, vyeti vyake vyote bado viko sebuleni alikovitundika mama, na mgeni aliyewahi kuingia pale bila kuonyeshwa ajitokeze, maana hayupo.

Tarehe 3 Februari 1997 aliajiriwa na Kitengo cha Uchunguzi wa Anga, akapewa chumba cha mwisho kwenye korido, kati ya stoo ya mafagio na choo cha wanaume, chumba kisicho na dirisha hata moja, yaani waliotumwa kutafuta vitu vya mbali kuliko vyote wakafungiwa mahali ambapo hata magari yaliyoegeshwa nje hawayaoni. Kazi yenyewe alitueleza sisi tusiosoma mpaka tukaielewa, kwa hiyo leo asitokee mtu wa kusingizia kwamba ni ngumu: yapo madishi makubwa ya chuma yanayoisikiliza anga kipande kwa kipande, yakikuta mahali panapotoa mawimbi ya redio yanaweka alama, na zipo darubini zinazoipiga picha anga hiyo hiyo kupitia vichujio vya rangi, cha buluu, cha kijani, mpaka chekundu cha mwisho, dada yetu alizilaza alama za redio juu ya picha, akatafuta mahali panaponguruma ilhali kwenye buluu hamna kitu, kwenye kijani hamna kitu, ila kwenye kichujio cha mwisho kabisa kumekaa nukta moja, kwa sababu mwanga uliotoka mbali mno huvutwa njiani mpaka ukawa mwekundu, na ule mwingine humezwa na gesi iliyotanda katikati. Nukta ya namna hiyo huenda ni kwasari, yaani moyo wa galaksi ya kale ambamo shimo jeusi linameza gesi kwa pupa, na gesi hiyo kabla ya kumezwa inawaka kuliko nyota zote za galaksi yake zikijumlishwa, na ndiyo sababu wenzake walimwita Mama Nukta, mwanzoni kwa kumcheka, baadaye kwa kumwogopa.

Mume wake alimpata humo humo chumbani, kwa kuwa shemeji ni fundi wa viyoyozi, aliitwa siku kompyuta zilipopata joto, akamwambia, "Dada, toka humu utaiva," naye akajibu bila kugeuka, "Nikitoka watazifuta nukta zangu, wewe tengeneza," na shemeji anakiri kwamba kiyoyozi kile alikitengeneza vibaya makusudi, apate kuitwa tena. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Agosti 2000, wakajaliwa binti mwaka 2001, anayesomea uuguzi, na mvulana mwaka 2004, anayejifunza umeme, na wote wawili wamerithi macho.

Sasa tumefika mahali ambapo Mkuu angependa tuparuke. Kitengo kilikuwa na utaratibu alioutunga yeye mwenyewe, ukiitwa ufagio, kwamba nukta yoyote inayoonekana kwenye kichujio kimoja tu ifutwe na kompyuta, kwa madai kuwa ni uchafu wa kamera, na kweli nyingi zilikuwa uchafu, lakini hizo hizo ndizo sura ya kitu walichotumwa kukitafuta, kwa hiyo watu wazima wenye digrii walikuwa wanatafuta huku wanafagia walichokitafuta. Dada yetu alisema jambo ambalo hata gereji tungelielewa, kwamba kabla ya kufuta waulize kwanza redio, maana uchafu wa kamera haungurumi. Mwaka 2018, kwenye picha alizoziokoa kabla ya ufagio kupita, akaipata nukta yake, nyekundu, pekee, inanguruma, akaipeleka kikaoni, Mkuu akacheka, "Mama Nukta, hizo ni takataka," naye akauliza, "Takataka gani, Mkuu, inayopiga kelele, ya kwenu nyumbani inapiga?" Watu wakaangua kicheko, na kicheko kile ndicho alichokilipia mpaka mwisho.

Mwezi uliofuata alihamishiwa kutembeza wageni. Mkuu naye akageuza maneno, akasema labda ni galaksi ya jirani tu iliyojaa vumbi, na dada akajibu kwa haki, "Labda, na ikiwa hivyo nitatangaza mwenyewe kwamba ni vumbi, lakini niambiwe na darubini, nisiambiwe na mtu." Ilihitajika saa moja tu ya darubini kubwa, iupasue mwanga wa nukta hiyo kama upinde wa mvua na kuonyesha umevutwa kiasi gani, hapo umbali unajulikana na ubishi unakwisha, akaomba kila mwaka, na kila mwaka akapigwa danadana, mara maombi yamechelewa, mara yamewahi mno, mara saa zimekwisha, na saa hizo tunajua walipewa akina nani, wengine wamo humu na miwani ya jua.

Mwaka 2021 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu katika hospitali ya mkoa, akibandika picha ya nukta ukutani kando ya kitanda, karatasi nyeusi tupu yenye kipunje chekundu, na siku moja mama wa usafi alikisugua kwa kitambaa chenye sabuni akidhani ni doa, dada akacheka mpaka mashine ikalia, akasema, "Huyu naye apelekwe Kitengo, ufagio anaujua." Aprili mwaka huu wa 2023, daktari alipomweleza wazi kwamba hali si nzuri, aliandika ombi la mwisho, akataja na ugonjwa wake, jambo ambalo kwa kiburi chake lilimuuma kuliko sindano. Kikao cha Juni kikaahirishwa kwa ajili ya semina, cha Agosti kikaahirishwa kwa sababu Mkuu alikuwa safarini, na Oktoba wakampigia simu, kwa adabu kabisa, kumwambia nukta yake imeshateremka magharibi, inaingia nyuma ya jua, ajaribu mwakani. Mwakani! Binti yake ndiye aliyemshikia simu, anasema mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema asante, akageukia ukutani.

Alifariki Jumanne tarehe 14 Novemba 2023, saa nne asubuhi, mume wake akiwa amemshika mkono, bila kujua alichokipata ni moyo wa galaksi ya kale au ni vumbi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa figo, ambao hawakumwambia hata siku moja ajaribu mwakani, tunawashukuru majirani kwa viti, maturubai na maji, tunawashukuru wafanyakazi wenzake waliokuja kumtazama hospitali kwa kujificha, leo hamna haja ya kujificha, na shukrani ya Mkuu wa Kitengo tumeiweka kiporo. Nukta itatokeza upya mashariki Februari, kabla ya alfajiri, na wewe kalamu ya kugawa saa unayo. Hatutaki shada la maua, hatutaki radhi, tunataka saa ile moja, na darubini ikisema ni vumbi, fundi huyu atakuja ofisini kwako kukuomba msamaha mbele ya wafanyakazi wote, na gari lako atalihudumia bure mpaka lizeeke; lakini utamke leo, hapa, watu hawa wakisikia, kabla jeneza halijanyanyuliwa.

Dada, pumzika kwa amani. Mkuu, kipaza sauti hiki hapa.