Bi. Jentrix Wabwile na Taa Iliyopakwa Mafuta

Bi. Jentrix Wabwile anastaafu tarehe 30 Juni baada ya kuitumikia kliniki yetu ya macho kwa miaka ishirini na minane, kwanza hapa Kitale, kisha pia katika tawi la Bungoma. Kamati iliniomba niandike wasifu mfupi wa kuchangamsha. Ufupi nitaujaribu.

Aliajiriwa kupokea wagonjwa mlangoni, akasomea ufundi wa mitambo ya hospitali, na mtambo wa leza ulipofika akakabidhiwa yeye. Mtu aliyetolewa mtoto wa jicho huweza baadaye kupata utando nyuma ya lenzi aliyowekewa, akaanza tena kuona ukungu. Leza huutoboa utando huo bila kisu, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nguvu yake hutoka kwa taa ya mmweko, kijibomba cha kioo chenye gesi ya xenoni, ambacho humulika fuwele ndani ya mtambo mpaka itoe mwale. Kijibomba hicho hakishikwi kwa vidole vitupu. Mafuta yoyote, hata ya vidole, yakibaki juu yake huungua taa inapomweka, na kioo hupasuka.

Jentrix alituchosha na habari hiyo. Taa za akiba alizifungia kabatini, ufunguo akauvaa shingoni. Daktari Ngige aliwahi kufokewa kwa kunyoosha mkono tu karibu na kabati, kumbe alikuwa anatafuta kikombe chake cha chai. Maneno matamu hana. Lakini kila Desemba wakulima wa Endebess humletea kuku, na hao ni watu walioingia kwake wakishikwa mkono wakatoka wakitembea wenyewe.

Sasa ya Bungoma, maana sitayaruka. Mwaka jana tulipozindua mtambo wa huko, taa ilitolewa kwenye kisanduku ili ibarikiwe. Kubariki si kosa, hata mimi niliimba. Lakini ilipitishwa mkono kwa mkono, kila mgeni akipigwa picha nayo, na mwishowe ikapakwa mafuta ya upako. Jentrix akaja na pamba na spiriti aisafishe. Mwenyekiti wa kamati yetu, Mzee Sifuna, akamzuia kwa kipaza sauti mbele ya umati: "Ati unapanguza upako? Si uache hivyo tu, bana." Jentrix akasema ikifungwa mtamboni hivyo itapasuka, naye hataifunga. Akaitwa fundi wa stima aifunge.

Ilipasuka asubuhi iliyofuata. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi walirudishwa makwao, akiwemo Mama Edinah, aliyetaka kuona vizuri siku ya harusi ya mjukuu wake. Alikwenda harusini na ukungu wake, akamkumbatia msimamizi wa bibi harusi akidhani ndiye bibi harusi mwenyewe. Watu walicheka. Mimi sikucheka, na bado inanikera.

Na nani alilaumiwa? Jentrix. Kamati ilikaa ikaamua kwamba taa ilipasuka kwa sababu yeye aliinenea mabaya. Mwanamke aliyetunza leza miaka yote hiyo akapelekwa stoo kukunja mashuka, na huko ndiko anakostaafia. Huo ni uonevu. Nilisema hivyo wakati ule kwa sauti ndogo, leo nasema kwa maandishi.

Katika ratiba ya sherehe hii kuna maombi ya kumwekea mstaafu mikono, yatakayoongozwa na Mzee Sifuna. Mwekeeni, mpakeni mafuta mpendavyo, yeye hatapasuka. Ila, Mzee wetu, tunakuheshimu: kabla mkono wako haujafika kichwani pake, tamka samahani, kwa kipaza sauti kile kile ulichomzuilia.

Dada Jentrix, ahsante kwa wote wanaosoma karatasi hii kwa macho uliyoyahudumia. Ufunguo wa kabati niachie mimi. Tunakuombea mapumziko mazuri nyumbani kwako Matisi, na uondoke hapa leo ukiwa umeombwa radhi.

Muuguzi Mary Ann Wahu