Pijo ya Kumshusha Bibi Harusi

Kosa ni langu. Nimeahidi Pijo yangu kuukuu imshushe bibi harusi Jumamosi kutoka Kilema mlimani, wakati breki zake nazipampu kama tairi la baiskeli. Leo nimepanda kifodi, daladala yetu ya huku, kwenda Moshi kutafuta fundi.

Kumbe fundi mmoja alikuwa kiti cha nyuma yangu, anaongea na mama aliyepakata ndizi.

"Ile Pijo ya kijani pale kanisani nimeikanyaga breki, mama. Mlango haufungi, nikaingia tu. Pedeli laini kama parachichi! Breki zimeingia upepo."

Kweli, mlango wangu haufungi.

"Upepo wapi! Masta ya breki imekufa hiyo. Pedeli ya gari la marehemu mume wangu ilizama hivyohivyo."

"Ukipampu inakuwa ngumu, mama. Ni upepo."

"Iwe upepo, iwe masta, Jumamosi inambeba mtoto wa dada yangu! Mwenyewe hajui?"

"Anajua. Kaweka jiwe kwenye gurudumu."

"Mwanaume mzima anategemea jiwe!"

Kifodi kizima kikacheka. Mimi nilicheka kuwashinda.

Tukasimama stendi. Mama akainuka na ndizi zake. "Jamani, anayemjua mwenye ile Pijo amwambie Jumamosi aiache kwake."

Abiria wakageuka huku na huku kumtafuta anayemjua. Na mimi nikageuka.