Mwalimu Gerishon na Ngazi za Fereej Bin Mahmoud

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika kumuaga Mwalimu hapa Doha kabla mwili wake haujasafirishwa nyumbani, mimi ni Job, mdogo wake, na haya nayasoma kwa niaba ya familia, jinsi mjane wake Charity alivyotaka yasomwe, bila kuficha lolote.

Mwalimu Gerishon Kiprop alizaliwa tarehe 3 Agosti 1979, kwenye miteremko ya Menengai, Nakuru, kifungua mimba wa Mzee Jeremiah na Mama Pamela, mahali ambapo mvuke hutoka ardhini na hakuna anayeshtuka, akasoma shule ya msingi na ya upili hukohuko, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Kenyatta kusomea ualimu wa jiografia. Mwanzoni mwa 2002, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, alifuatana na vijana wa kanisa kupeleka mablanketi Goma, akawaona watu wakirudi mjini wakikanyaga lava ambayo bado ilikuwa ya moto, kwa kuwa riziki yao ilikuwa hapo, na swali alilorudi nalo halikumwacha tena: kwa nini balaa lilelile huangamiza mji huku, na kule likavunja vikombe tu.

Alifundisha Nakuru kuanzia 2004, akafunga ndoa na Charity Chebet, muuguzi, tarehe 12 Desemba 2009, Mungu akawajalia Wayne na Melissa, na mwaka 2013 familia ikahamia Doha, ghorofa ya saba ya jengo moja mtaani Fereej Bin Mahmoud. Jamani, nani kati yetu alikula kwake bila kusikia somo lile kwanza? Chakula kinapoa, yeye anaeleza kwamba fedha ni kitu kikubwa, lakini fedha bila sheria ya ujenzi inayofuatwa ni bure, kwamba barabara na hospitali za karibu huokoa wengi kabla msaada wa nje haujafika, kwamba serikali isiyoaminika ikitoa onyo watu hukaa tu, na kwamba nchi iliyosahau tetemeko lake la mwisho ni maskini hata ikiwa na mali. Tulimtania, tukamwambia Qatar ni tambarare kama chapati, naye alikuwa akicheka na kuendelea.

Novemba 2021, ardhi ilipotikisika ng'ambo ya Ghuba na jengo lao likayumba, kweli mganga hajigangi, kwani Mwalimu alitoka mbio peke yake hadi barabarani, akamwacha Charity chumbani na Melissa aliyekuwa na homa, Wayne akiwa kwa rafiki yake, huku majirani wengine wakirudi ndani kutafuta pasipoti, maana mgeni bila pasipoti ni nani hapa. Alipogeuka asiwaone mkewe na mtoto, alipanda ngazi zote akipishana na wanaoshuka, akawakuta mlangoni. Hakuna aliyeumia, hata ufa ukutani haukuonekana, lakini aibu ilimla, na Charity alipika, akapakua, akanyamaza.

Tangu hapo aliongeza jambo moja katika somo lake, kwamba nchi, sawa na nyumba, siku ya balaa hufanya kile tu ilichozoea kufanya, basi kila Ijumaa akawa anazizungukia familia za Al Mansoura na Al Wakrah akiwafanyisha mazoezi ya kutoka salama, nani anambeba mtoto, nani anamshika mgonjwa, pasipoti zikae kwenye mfuko nyuma ya mlango, lifti isiguswe. Kila mara alianza kwa kusimulia alivyokimbia, mbele ya mkewe, akimtazama, akisubiri neno, na neno halikuja.

Januari 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa kwa uvumilivu mkubwa, na akafariki asubuhi ya tarehe 9 Mei 2025, mkono wake ukiwa mikononi mwa Charity. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta chakula bila kuombwa, walimu wenzake walioshika vipindi vyake, na nyote mliokesha nasi katika maombi.

Hili la mwisho Charity ameniomba nilisome kwa sauti, kwa kuwa alilichelewesha akidhani muda upo. Gerishon, mkeo alikusamehe siku ileile, alipofungua mlango akakuona umerudi, unahema. Pumzika kwa amani, kaka.