Alma Entwistle, Aliyeambiwa Asikohoe

Wapendwa katika Bwana, mimi ni Hetty, mdogo wake marehemu. Asanteni kwa kuja na mvua hii.

Marehemu Alma alizaliwa tarehe 3 Machi 1903 hapa Brackenshaw, Lancashire, mtoto wa kwanza wa Jabez na Martha Haworth, na akabatizwa katika kanisa hili hili. Mama alikuwa akisema kwamba siku ile mtoto alilia kwa nguvu mpaka jirani akagonga ukuta.

Alisoma shule ya kanisa. Alipofika miaka kumi na miwili, kama ilivyokuwa kwetu sote wakati ule, asubuhi alikuwa kiwandani na mchana darasani, ambako alilala juu ya dawati na mwalimu akamwacha alale. Mwaka uliofuata masomo yakaisha.

Tangu 1916 hadi 1954 alifanya kazi katika kiwanda cha pamba cha akina Haslingham, chumba cha kuchambulia. Mle ndani vumbi la pamba husimama kama ukungu, na mashine hunguruma hivi kwamba wanawake huongea kwa midomo tu, bila sauti. Alma aliileta tabia hiyo mpaka kanisani. Mchungaji akihubiri, yeye humwuliza rafiki yake wa upande wa pili, kwa midomo, "Hiyo kofia umeazima kwa nani?" Wachungaji watatu wamepita hapa bila kumkamata.

Tarehe 12 Juni 1926 aliolewa na Seth Entwistle, dereva wa tramu, mtu mpole. Mungu aliwajalia binti mmoja, Doreen. Seth alitangulia mwaka 1949.

Upweke ulipomzidi, Alma alijiunga na chama cha maigizo cha mji, ambacho kiongozi wake ni Bwana Lionel Haslingham, mwenye kiwanda. Nyote mnaujua ule mchezo wao wa kila mwaka. Maiti ya mwanamke maskini inaingizwa katika nyumba ya tajiri, inalazwa mezani chini ya shuka, na wenye nyumba wanabishana nani aliyesababisha kifo chake. Mwishoni mmoja mmoja anaigusa shuka na kusema, "Na mkono wangu umo." Ukumbi mzima hulia. Bwana Lionel huwa ndiye tajiri, na machozi yake hutoka kweli.

Maiti ilikuwa dada yangu. Alifurahia sana. Wenzake walimtania kazini, "Alma, jana ulikufa vizuri?"

"Nilikufa vizuri, ila pua iliniwasha."

Lakini kifua kilikuwa kimeshaanza. Kwanza kilimbana Jumatatu tu, akirudi kwenye vumbi baada ya mapumziko. Baadaye kikawa cha wiki nzima. Yeye na wenzake walikwenda ofisini kuomba feni za kunyonya vumbi, wakaambiwa wafungue madirisha. Mwaka 1953, usiku wa mwisho wa mchezo, Bwana Lionel alipoishika shuka aseme maneno yake, Alma akakohoa. Watu wakacheka. Nyuma ya pazia akamwambia, "Maiti haikohoi, Alma."

"Nifungie zile feni, bwana, nami nitakuwa maiti nzuri kuliko zote."

Bwana Lionel alicheka sana, na nimesikia kwamba amelisimulia jambo hilo katika karamu nyingi. Mwaka uliofuata waliweka chini ya shuka sanamu ya kuvalishia nguo dukani. Feni hazikuja.

Daktari aliita ugonjwa huo mkamba. Mwaka huu sauti ilimwisha kabisa, lakini mimi pia nimekaa kiwandani, kwa hiyo niliendelea kumsoma midomo. Alifariki nyumbani kwake Alhamisi, tarehe 8 Novemba 1956. Neno lake la mwisho kwangu, bila sauti, lilikuwa "Doreen." Doreen yumo katika chumba kile kile cha kuchambulia, na ameanza kukohoa kila Jumatatu.

Juzi Jumamosi Bwana Lionel alikuja nyumbani na maua. "Bi Hetty," akasema, "chama kingependa kumuenzi. Tutasimama kulizunguka jeneza, kila mmoja aliguse, aseme yale maneno ya mwisho."

"Yale ya mkono wangu umo?"

"Ndiyo. Pale watu huguswa sana."

"Utakuwa unakiri, Bwana Lionel, au utakuwa unaigiza?"

Akaitazama kofia yake. "Ni mchezo, Bi Hetty. Ni heshima tu."

Ninaona kinyaa kwa machozi yale ya kila mwaka, na kwa makofi tuliyoyapigia. Nimeomba Mungu aniondolee chuki, na nadhani ameniondolea. Kinyaa ameniachia. Kwa hiyo leo hakuna atakayeligusa jeneza hili isipokuwa wabebaji. Bwana Lionel yuko hapa, karibu na nguzo, na anakaribishwa kwenye chai na nyama baada ya maziko kama kila mtu. Maneno yake ayaseme kesho asubuhi katika chumba cha kuchambulia, mbele ya Doreen na wenzake, akiwa na fundi wa feni pembeni. Siku hiyo hata mimi nitampigia makofi.

Leo ni Jumatatu. Tangu nianze kusoma ninawaona wengi wenu mmeziba midomo kwa vitambaa kwa sababu ya heshima. Msijizuie. Alma alijizuia chini ya shuka, inatosha. Anayetaka kukohoa na akohoe, na walio karibu na nguzo wasikie.

Marehemu ameacha binti yake Doreen, mkwe wake Clifford, mjukuu Susan, na mimi mdogo wake.

Apumzike dada yangu, na huko aliko apumue.