Shaba ya Mjerumani Kutoka Kinole

Pale Bigwa, magari ya Kinole ya kule mlimani yanaposhushia ndizi na mananasi, kuna benchi refu mbele ya karakana ya fundi Hashimu. Hashimu wanamwita Cheche, kwa ajili ya mageti anayochomelea mchana kutwa. Thobias, mstaafu wa reli, anaitwa Reli hata na wajukuu zake. Omari hakusoma sheria, ila hakosi kusikiliza kesi mahakamani, basi yeye ni Wakili. Kahawa ni ya Zuleha, na jiko lake la mkaa hukaa kichwani mwa benchi. Jumanne ile aliongezeka mgeni: Abeid, mkulima wa Kinole, aliyeteremka na gari la asubuhi akiwa na kitu amekifunga kwenye kipande cha kitenge.

Alikifungua katikati ya vikombe. Kilikuwa kipande cha shaba, urefu wa kiganja, unene wa mpini wa jembe, kimeota kutu ya kijani. Upande mmoja kimezibwa na kitu kigumu kama nta. Kwenye kitako udongo mwekundu umegandamana, na pembeni mwa udongo zinachungulia herufi mbili tatu.

— Nilikuwa nachimba shimo la mgomba, shamba la ukoo wa mama, Abeid akasema. Watu wananiambia ni kitu cha Mjerumani, ndani kuna mali. Nikatie, fundi.

Hashimu akakipima mkononi. Miaka thelathini ameshika chuma, na chuma humwambia kilivyo. Hiki kilikaa kimya. Kilikuwa kizito kidogo kuliko alivyotarajia, na uzito wenyewe ulikuwa umelalia upande mmoja.

— Hiyo ni grisi, Reli akasema. Mjerumani alipojenga reli alitembea na grisi yake kwenye vikopo vya namna hiyo.

— Grisi imefuata nini Kinole, mzee? Wakili akauliza. Treni ilipanda mlima?

— Basi ni ramani. Aliiviringisha akaiziba humo. Mficha uchi hazai.

— Methali hiyo haiji hapo.

— Imeshakuja.

Wakili akasogea karibu, akashusha sauti kama wanaopitisha dili.

— Wazee, mzigo huo ni zebaki. Watu wanaitafuta kwa mamilioni, mpaka ndani ya cherehani za bibi zetu. Ukimpata mtu wake, Abeid, hulimi tena.

— Zebaki ni mali ndogo, Reli akasema. Huo ni ufunguo. Juu kule kuna mwamba una tundu la mviringo. Unatia, unazungusha, mlima unafunguka. Ndani kuna behewa zima la dhahabu.

— Behewa limepandaje?

— Kwa hiyo dhahabu umekubali, tunabishania usafiri tu.

Wakacheka. Abeid hakucheka. Alikuwa anakitazama kile kitu kama mtu anayetazama barua asiyoweza kuisoma.

— Bibi yangu mzaa mama alikuwa na hadithi moja, akasema. Aliambiwa na mama yake. Wakati wa vita ya Mjerumani, jioni moja nyota ilitoka ardhini. Ya kijani. Ikapanda juu ya kijiji, ikasimama, ikashuka polepole. Watu wakakimbilia mapangoni, wakakaa siku tatu. Waliporudi, hakuna kilichokuwa kimetokea. Sisi tulidhani bibi anatutisha tulale.

Reli akaweka kikombe chini. Alipoanza kusema tena, ile sauti ya mzaha haikuwepo.

— Hakuwatisha. Mimi nimefanya kazi ya kupokea treni kwa bendera na taa. Kijani ina neno lake, nyekundu ina neno lake. Na jeshi vilevile. Porini hakuna simu, basi wanarusha moto wa rangi angani kuambiana: tumefika, rudini, adui huyu hapa. Hiyo si ramani wala zebaki, Abeid. Ni fataki ya ishara. Ile nyota haikuwa inasema na bibi zako hata kidogo.

Hashimu aliwafikiria watu wale, siku tatu pangoni na watoto, kwa sababu ya neno waliloambiwa wengine.

— Basi ni ganda, Wakili akasema. Miaka zaidi ya mia udongoni, kitu gani hakifi? Kata tuone. Haraka haraka haina baraka, kwa hiyo kata taratibu.

Abeid akamtazama Hashimu. Amelipa nauli, ameacha shamba. Na Hashimu hakuwahi kumwambia mtu yeyote pale Bigwa kwamba chuma fulani kimemshinda. Akakichukua, akakibana kwenye jiriwa, akavaa miwani, akachomeka grenda ya kukatia kwenye umeme.

Hapo ndipo alipofika mwalimu Angelina kuulizia nondo za madirisha yake.

— Shikamoo mwalimu, Wakili akamwahi. Tunafungua fataki ya Mjerumani.

— Marahaba. Imeshapigwa, au bado?

Hashimu akatazama kitako kutafuta alama ya kugongwa; udongo umekiziba. Akatazama ile nta, na nta haijavunjika: kilichomo bado kimo. Akamtazama Reli, Reli akatazama barabara. Zuleha akanyanyua jiko lake la moto, akalivusha ng'ambo ya barabara.

Hashimu akachomoa waya ukutani.

— Siikati, akasema. Tokeni wote hapa. Isiguswe tena.

Walikuwa wamesimama upande wa pili wa barabara, mwalimu akizungumza na polisi kwenye simu, Abeid alipomshika Hashimu mkono.

— Fundi, zilikuwa nne.

— Nyingine ziko wapi?

— Kwa mjomba. Dari ya jikoni, juu ya mafiga. Tulizianika huko zikauke.

Abeid akatoa simu kutafuta namba ya mjomba; Hashimu akampokonya, akapiga mwenyewe. Mara ya kwanza mtandao ukakata. Mara ya pili pia. Mara ya tatu ikapokelewa, na nyuma ya sauti ya mzee alisikia mtoto akilia na sufuria ikifunikwa.

— Shikamoo mjomba. Mimi ni fundi, niko na Abeid. Toka jikoni sasa hivi, na watoto wote. Vile vya darini usiviguse. Acha chakula, acha kila kitu.

Mzee hakubishana. Zikasikika hatua, mlango, jina la mtoto likiitwa mara mbili, kuku, kisha upepo mtupu. Hashimu alikuwa ameshika simu kwa mikono yote miwili.

— Nimewatoa, mzee akasema akihema. Tuko kwenye migomba, mbali. Moto nimeuacha unawaka.

— Umefanya vizuri, mjomba. Mwalimu anawaambia polisi, watakuja mpaka huko.

— Haya. Sasa niambie, mwanangu. Hivi vitu tumelala navyo wiki mbili. Na huku shambani ninakosimama, vitakuwa vimebaki vingapi?

Hashimu akawageukia wenzake. Abeid alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa vidole mashimo ya migomba aliyochimba.