Kipimajoto na Oveni ya Bibi

Kwenye basi la Don Mills, huku ughaibuni kwenye baridi, binti mmoja alikata simu baada ya kulalamika kwa Kiswahili, na mzee wa kiti cha mbele yangu akamgeukia. Wakatambulishana: mzee ni Akberali wa Tanga, mhandisi mstaafu; binti ni Domina, anasomea shahada ya uzamivu.

"Nani kakuudhi, binti?"

"Wasimamizi wangu, mzee. Nachunguza baridi ndani ya nyumba za wapangaji kwenye maghorofa ya St. James Town. Wa uhandisi anataka nifute mahojiano, wa uuguzi anataka nifute vipimo vya joto. Nakwenda kuwakabili wote wawili sasa hivi."

"Futa kimoja, upate shahada. Utaviunganisha ukishaajiriwa."

Niliuma meno. Wimbo huu naujua tangu chuo kimoja cha hapa kilipofanya kongamano la "kubomoa kuta" kati ya idara, ati zishirikiane. Nilikaa nyuma bila mwaliko, nikashuhudia sambusa zikiisha na kuta zikibaki.

"Mzee, kwa bibi mmoja kipimajoto kilionyesha joto zuri kabisa. Nyinyi wahandisi mngefunga faili. Nilipomuuliza, akaniambia hita imekufa, analala na mlango wa oveni wazi apate joto. Sasa nifute kipimo, au nimfute bibi?"

Mzee akakuna ndevu. "Na wakikufelisha?"

"Watanifelisha bibi akiwa ndani ya tasnifu."

"Mkaidi wewe!"

Basi likasimama, Domina akashuka. "Basi angalau anza na vipimo!" mzee akampigia kelele.

"Naanza na bibi!" akajibu, na mlango ukafungwa.