Mbisha Hodi, Sinema Iliyojaza Ghala la Murusagamba

Ndugu Mgeni Rasmi, Afisa Utamaduni wa Mkoa wetu wa Kagera,
Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji,
Wazee wetu, shikamooni,
Ndugu wananchi,

KARIBU MURUSAGAMBA

Mgeni rasmi, tunajua barabara uliyopita. Tumeona gari lako lilivyobadilika rangi, na tumemwona dereva wako akishuka na kujinyoosha mgongo kabla hajamsalimia mtu. Wageni wengi wa ngazi yako huishia Ngara mjini. Wewe umefika mpaka huku tunakosikia jogoo wa Burundi wakiwika, tena umekuja kwa ajili ya sinema. Hatujawahi kuheshimiwa namna hiyo. Ndizi na maharage viko jikoni, utakula kwetu.

Sisi ni Kikundi cha Sinema cha Ruvubu. Sote ni wakulima. Hakuna kati yetu aliyesomea kazi hii.

TULIKOTOKA

Zamani gari la sinema la serikali lilikuwa likifika huku, likituonyesha jinsi ya kuchimba choo na kupalilia pamba. Tulijaa kuitazama, ingawa pamba hatulimi, kwa sababu ilikuwa bure na picha zilikuwa zinatembea. Baadaye gari lile likaacha kuja.

Mwaka 1977 padre mmoja wa misheni alirudi kwao Ulaya kwa sababu ya ugonjwa. Alimwachia Ndugu Pancras, seremala wetu, kamera ndogo, mashine ya kuonyeshea, jenereta na mikanda michache ambayo haijapigwa. Pancras ndiye aliyekuwa akimsaidia kupiga picha za ubatizo na harusi. Watu wakamshauri apige za shamba la kijiji. Kijana mmoja, Alfonce, mtoto wa Mama Marsiana, akamwambia, "Shamba tunaliona kila siku. Tuwatishe watu kidogo."

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa sinema yetu, Mbisha Hodi. Ni habari ya kijana aliyezama mto Ruvubu, kisha akawa anarudi kubisha hodi nyumba hadi nyumba kwa sauti ya mtu unayemjua. Anayemfungulia haonekani tena. Nyumba ya mwisho ni ya mama yake. Yule mama anasimama nyuma ya mlango, mkono juu ya komeo, na hafungui. Kijana anageuka, anaondoka.

Alfonce mwenyewe aliigiza maiti, tukampaka unga wa muhogo na majivu. Ndugu Deodata, mjumbe wetu, aliigiza mama. Mikanda ilipelekwa Ulaya kwa mkono wa wamisionari ikasafishwe, ikakaa huko hata tukaanza kuisahau. Iliporudi tukagundua jambo ambalo Pancras alikuwa akilijua na sisi hatukulijua: sinema hiyo haina sauti. Basi Alfonce akawa anasimama kando ya shuka nyeupe na kuzisema sauti zote kwa kinywa chake. Hapa alisema Kihangaza. Tulipokwenda Bisibo, wilaya ya Biharamulo, alisema Kiswahili, na mzee mmoja wa kule akasema maiti huyu amesoma.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, hapa tunaomba utuvumilie tukijisifu.

Tulionyesha mchana ndani ya ghala la kijiji, madirisha tumeyaziba kwa mablanketi na majani ya migomba. Kiingilio kilikuwa kibaba cha maharage, au mayai, au chochote kinacholika. Tulidhani watakuja vijana. Walikuja wazee, walikuja akina mama na watoto mgongoni, wakaja watu wa Bugarama kwa miguu. Watu waliokuwa wakisinzia kwenye sinema ya pamba ya bure walitoa maharage yao ili watishwe. Hodi ya kwanza ilipobishwa, ghala zima likapiga kelele, "Mama we!" Mlango wa ghala uling'olewa siku hiyo. Kesho yake watu walewale wakarudi, na wamewaleta shemeji zao.

Kiongozi mmoja alitwambia sinema ya kutisha haina maendeleo. Tukamkaribisha aketi. Alitoka kabla ya mwisho, akasema ana kikao. Jioni mke wake akaja kwa Pancras kuuliza kama yule mama alifungua mlango.

Tulipomuuliza mzee mmoja kwa nini anakuja kila mara, alijibu, "Hofu ya nyumbani huwa naipata peke yangu. Hapa nimeshikana mkono na jirani." Sisi hatuna elimu ya kueleza zaidi ya hapo.

Na mapato hatukuyala. Vita vilipokuja na taifa likaombwa michango, maharage ya Mbisha Hodi yalipakiwa kwenda kwa askari wetu. Yaliyofuata yamekuwa chakula cha watoto wa shule. Bati la zahanati unaloliona pale ng'ambo, sehemu yake limetokana na watu kupiga mayowe.

VITA NA MAMA MARSIANA

Alfonce naye alipakiwa, kwenda mbele na mgambo. Aliaga hapahapa ghalani baada ya kuonyesha. Uso ulikuwa bado una unga, maana alizoea kujipaka ili watu wamtambue. Mwaka jana taarifa ikaja kwamba ameangukia ng'ambo ya mto Kagera. Alizikwa huko na wenzake.

Sisi wanakikundi tukakubaliana bila hata kikao. Tukauweka mkanda sandukuni kwa Pancras, tukafunga. Nani angethubutu kumwonyesha mama mtoto wake akiwa maiti anayebisha hodi?

Baada ya matanga Mama Marsiana alikwenda kwa Pancras. Mimi ninayesoma nilikuwapo, tulikuwa tunapukuchua mahindi.

"Shikamoo mama," Pancras alisema, akainuka kumpisha kiti.

"Marahaba. Sanduku liko wapi?"

"Sanduku gani, mama?"

"Ulilomfungia mwanangu."

Mama akaketi, akachukua hindi akaanza kupukuchua na sisi. Kisha akasema, "Sina picha yake hata moja. Ile ya kitambulisho alikwenda nayo. Nyinyi mnayo akitembea, akigeuka, akikwaruza mlango kwa kucha, halafu mmeifungia. Nionyesheni."

"Mama, mle ndani amekufa," nilimwambia.

"Jovina, mwanangu, hata nje amekufa. Mle angalau anatembea."

Tukamwonyesha. Aliketi mbele peke yake, hatukuwaita watu. Hakuna aliyesema maneno, mashine tu ndiyo iliyokuwa ikilia. Ilipokwisha alituuliza, "Mbona kimya? Mwanangu alikuwa akisema. Nani anayasema maneno yake sasa?" Tukamwambia hakuna anayeweza. Akasema, "Nitasema mimi."

Mgeni rasmi, kikundi hiki kimekuona wewe leo, na tumewahi kuona wakubwa wengine wakipita. Lakini kama tungeulizwa ni nani tunayemstahi kuliko wote, tungemwonyesha mwanamke yule mwenye kitenge cha bluu, aliyeketi karibu na nguzo na ambaye sasa hivi anatuashiria tuharakishe.

Siku alipoanza kusema, ghala halikutosha. Watu walikaa hata juu ya magunia. Wengi tulidhani atalia. Akatisha kuliko mwanawe. Alibisha hodi kwa sauti ya mume wa mtu, ya dada wa mtu, ya mtoto aliyepotea sokoni, na kelele zikawa zilezile za zamani. Kisha ikafika nyumba ya mwisho. Deodata anaonekana kwenye shuka, mkono juu ya komeo. Hapo Alfonce alikuwa akinguruma kama chui. Mama Marsiana hakunguruma. Alisema taratibu, "Mama, usifungue. Sikuja kuchukua mtu. Nimekuja kukuaga."

Picha ni ileile. Kijana anageuka, anaondoka kwenye njia ya migomba. Hatukuigusa hata kidogo, ila kuanzia siku hiyo ni sinema nyingine.

Wakati huo hapakuwa na kijiji kisicho na mtu aliyekwenda vitani. Watu walitoka kimya, tukasema basi, biashara imekwisha. Jumapili iliyofuata walifurika kuliko siku yoyote. Tukaitwa Bugarama, tukaitwa Bisibo. Kule Bisibo mama mmoja ambaye mwanawe hajarudi na hajatajwa popote alisimama katikati ya ghala akaiambia shuka, "Nenda salama, baba." Watu wakasimama wote pamoja naye.

MATATIZO

Mafuta ya jenereta hupatikana kwa shida, hilo unalijua hata wewe mwenye gari.

Tatizo letu kubwa ni mkanda. Mkanda wa aina hii hauna wa pili. Uliopigwa kwenye kamera ndio huohuo unaopita kwenye mashine, na kila unapopita unakwaruzwa. Sasa mvua inanyesha ndani ya picha ambayo ilipigwa kiangazi. Tulipokuwa Bugarama mashine ilikwama, taa ikautoboa mkanda mahali Alfonce anapogeuka. Tuliuona uso wake ukikunjamana na kuyeyuka mbele ya watu wote, na mama yake amesimama pale kando. Yeye akaendelea kusema. Pancras alikata kilichoungua akaunganisha. Siku hizi kijana anaruka kutoka mlangoni hadi njiani bila kugeuka.

Tulitaka kusimamisha maonyesho. Mama Marsiana akakataa. Alisema, "Hata nguo iliyofungiwa sandukuni huliwa na mende. Watu wanamhitaji."

Kwa hiyo mwanawe anakwisha kidogo kidogo kila ghala linapojaa, na ghala halijaacha kujaa.

MAOMBI

Ndugu Mgeni Rasmi, tulipoandika risala hii tulimsomea Mama Marsiana. Tuliandika kwamba tunaomba mkanda huu upelekwe Dar es Salaam, au popote penye mafundi, upigwe nakala. Akatuambia tufute. Alisema tusimsumbue mgeni kwa ajili ya mtoto wake mmoja wakati wengi hawakurudi. Alisema tuombe mikanda mipya, kwa sababu Alfonce alikuwa amekwisha kutunga sinema ya pili, ya fisi anayekopeshwa jembe, na vijana wanaweza kuicheza. Akasema yeye yuko tayari kuwa fisi.

Tunaiomba mikanda hiyo, kama alivyotuagiza.

Lakini kwenye lile la kwanza hatukumtii. Hatukulifuta, na ni sasa hivi tu anapojua kwamba tumelibakiza. Mama, utusamehe. Mgeni rasmi, tunaomba nakala. Tukiambiwa tuchague moja kati ya mawili, tunaomba nakala.

Mwenyezi Mungu akurudishe salama kwa barabara ileile, awaneemeshe wa nyumbani kwako, na awape pumziko waliobaki ng'ambo.

Ni sisi,
Kikundi cha Sinema cha Ruvubu,
Murusagamba, Agosti 1980.
Imesomwa na Jovina, Katibu.